Ndewe za Vijana Wetu

Wako wazazi na waajiri ambao, wamwonapo kijana mwenye ndewe pana, neno lao la kwanza ni kwamba aende akashonwe sikio. Mimi nawapinga.

Sisemi juu ya sikio lililochanwa na uzito wa herini. Hilo ni jeraha, na jeraha hutibiwa. Wala kazi yenyewe si ya kutisha. Daktari hutia dawa ya ganzi, hukata kingo za tundu mpaka nyama mbichi ionekane, kwa maana ngozi nzima haiungani na ngozi nzima, kisha hushona. Nyuzi hutolewa baada ya kama juma moja. Lakini wanaowahimiza vijana hawawaambii kwamba ngozi nyeusi ni nyepesi kuota kovu nene lenye kuvimba, na kovu hilo pengine huchukiza macho kuliko tundu lililozibwa.

Ujuzi huu ni wa kale. Kitabu cha tiba cha Sushruta, huko Bara Hindi, kilieleza njia nyingi za kuunga ndewe, na Celsus, Mrumi wa karne ya 1, aliandika jinsi ya kuziba matundu ya masikio ya mwanamume yanapochukiza. Lakini yaliyowachukiza Warumi yalikuwa heshima kwingine: sanamu za Buddha huchongwa na ndewe ndefu, ukumbusho wa vipuli vizito alivyovaa alipokuwa mwana wa mtawala. Kwetu, Wakikuyu, Wamasai, Wanandi na wengineo walitoboa masikio ya vijana wao na kuyapanua kwa vijiti, na wamishonari wengi wakaja wakaiita desturi hiyo ushenzi. Jina hilo ndilo tunalolirudia leo, ingawa tumebadili sauti.

Watu husema, mwenye ndewe hapati kazi. Je, kosa ni la sikio? Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 27, inakataza kumbagua mtu kwa utamaduni wake. Tena ajabu ni hii: tunachapa picha ya Mmasai mwenye masikio marefu ili kuwavuta watalii, na Mmasai yule yule akija kuomba ukarani, hutazamwa sikio kabla ya cheti.

Mtu mzima akitaka mwenyewe kushonwa, na aende. Sikio ni lake. Bali mwalimu atakayemtuma mwanafunzi kwa daktari ili majirani waridhike, kwanza atueleze ni lini ndewe ile ilimzuia mtoto kusikia somo la hesabu.