Sindimba Haimo Damuni

Msifu mcheza baleti mbele ya Mtanzania aliyewahi kuiona walau kwenye televisheni, naye atakubaliana nawe papo hapo: wale watu wamefundishwa. Msifu mcheza sindimba mbele ya mtu huyohuyo, atacheka kwa upole na kukwambia, Wamakonde bwana, ngoma iko kwenye damu. Kauli hiyo nimeisikia maofisini, kwenye daladala, midomoni mwa wageni, na kwa Wamakonde wenyewe wakiisema kwa kujivuna. Inatolewa kama sifa. Mimi nadai ni tusi, tena tusi linalomtia mtu hasara ya fedha.

Niseme mapema kwamba baleti naipenda. Anayetaka kuniambia kuwa Mwafrika kuipenda baleti ni utumwa wa akili aniache kidogo; kazi nzuri haipungui uzuri kwa kuwa imelelewa Paris. Na kinachonivutia zaidi ni watazamaji wake. Mwaka 1895 huko Saint Petersburg, Pierina Legnani alicheza Swan Lake na kuzunguka juu ya mguu mmoja mara 32 mfululizo. Tangu hapo watu huenda kuhesabu. Mpenzi wa baleti anajua kwamba ncha ya kile kiatu imekazwa kwa matabaka ya kitambaa na gundi, na kwamba jozi moja inaweza kwisha kabla ya usiku kwisha. Anajua yule binti alianza mazoezi akiwa mtoto mdogo. Kwa sababu anajua, ananunua tiketi, anakaa kimya saa mbili na zaidi, anasoma majina ya wachezaji kwenye kijitabu, kisha anarudi nyumbani akibishana na mwenzake nani leo kamzidi nani.

Sasa njoo Mtwara uitazame sindimba kwa jicho hilohilo.

Magoti yamekunjwa, kifua kimetulia, kiuno kinakwenda peke yake. Jaribu mwenyewe mbele ya kioo: zungusha kiuno bila kutikisa mabega, huku nyayo zikishika pigo ambalo si la kiuno. Wengi watashindwa kabla jasho halijatoka. Tena miguuni kuna njuga, na njuga ni msaliti. Mcheza baleti akiteleza kidogo, aliyekaa viti vya nyuma huenda asijue. Mcheza sindimba akikosea hatua, kosa lake linalia, uwanja mzima unasikia. Pembeni vinganga, zile ngoma ndogo za sauti kali, vinashika mwendo bila kupumzika, na ngoma kubwa ndiyo inayosema: geuka, shuka, rudi. Haisemi mara mbili. Asiyeielewa anabaki ametazama kaskazini wenzake wote wamegeukia kusini.

Hayo yote ni masomo. Mtoto wa Kimakonde aliyezaliwa Tandika na kulelewa bila kufundishwa Kimakonde hakijui Kimakonde, na sindimba vilevile haijui, ingawa damu yake haijapungua hata tone. Anayeijua ameipitia. Aliwekwa jandoni au unyagoni, akarudishwa mwanzo kila alipokosea, akachekwa, akarudia tena mpaka usiku. Nyakanga anayewaongoza wali, yaani vijana wanaofundwa, si mtu wa kusifia kipaji. Ni mwalimu mkali, na kiangazi wali wanapotoka nje, kijiji kizima kinakuja kumkagua yeye kupitia kwao. Ukitaka kujua uhakiki wa ngoma ni kitu gani, kaa karibu na wale bibi walio mstari wa mbele. Hawana haja ya kijitabu.

Wapo wasomi waliowahi kuandika kwamba baleti hutafuta mbingu na ngoma ya Mwafrika hutafuta ardhi. Inapendeza kusoma. Lakini Wamakonde wa upande huu wa mto Ruvuma wana midimu, wachezaji waliovaa vinyago, na wapo wanaocheza juu ya mironjo, yale magongo marefu yanayofungwa miguuni, wakipita juu ya vichwa vya watu wakiwa wamefunikwa nguo mwili mzima. Mbingu gani tena wanayotakiwa kuitafuta? Kama ncha ya kidole cha mguu ni elimu, mironjo nayo ni elimu, na kuanguka kutoka juu kule kunauma zaidi.

Na kuna mapiko (mmoja huitwa lipiko), vinyago vya kuvaa kichwani ambavyo havijawahi kuuheshimu mpaka wa Ruvuma. Wamakonde wa uwanda wa Mueda, Msumbiji, walivuka mto kwa makundi, wengine wakifuata kazi za mkonge, wengine baadaye wakikimbia vita vya ukombozi, na lipiko likavuka nao. Mchezaji anavaa kichwa cha mti chenye nywele na chale, anaona kupitia tundu dogo la mdomo, anapumua kwa shida, na ndani ya joto hilo anatakiwa awe mzee mwenye kiburi, au askari, au Mzungu, mpaka watu wamtambue aliyeigizwa wavunjike mbavu. Joann Kealiinohomoku, mwanaanthropolojia wa Marekani, aliandika kwenye miaka ya 1970 makala ya kuonyesha kwamba baleti nayo ni ngoma ya asili ya watu fulani, wenye wana wa wafalme wao na mabata maji wao. Wengi makwao hawakupenda kuambiwa hivyo. Sisi huku tungeisoma bila mshangao wowote.

Udanganyifu wa hii hoja ya damu unaonekana vizuri Nairobi. Joel Kioko, kijana wa mtaa wa Kuwinda, alijifunza baleti kwenye madarasa ya watoto wa mitaa ya mabanda, akaendelea Dance Centre Kenya, hatimaye akafika English National Ballet School, London. Habari zake nilizosoma zilieleza juhudi: saa za mazoezi, walimu, maumivu. Sikukuta aliyesema alizaliwa nayo. Angekuwa kijana wa Tandahimba aliyepanda mironjo, wangesema kipaji cha asili na kufunga daftari. Mwafrika ni yuleyule. Kilichobadilika ni aina ya ngoma.

Na damu ina upande wake wa pili, wa kikatili zaidi. Walioamini kwamba mtu mweusi amezaliwa na ngoma ndio haohao walioamini kwamba mwili wake haufai kwa baleti. Arthur Mitchell aliwajibu mwaka 1969 kwa kuanzisha Dance Theatre of Harlem, na bado ilibidi tusubiri mpaka 2015 ndipo Misty Copeland awe mwanamke mweusi wa kwanza kupewa daraja la mchezaji mkuu American Ballet Theatre. Ukiikubali damu ikusifie, umeikubali pia ikufungie mlango.

Serikali yetu yenyewe iliwahi kujua kwamba ngoma hufundishwa. Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba tulifundishwa kucheza rumba na waltz huku tukisahau gombe sugu na lelemama, akaunda wizara ya utamaduni. Mtu halalamiki kwamba watu wamesahau kitu kilicho damuni mwao. Kikaundwa kikundi cha taifa cha ngoma, sindimba ikapanda jukwaani na kuingia mashuleni nchi nzima. Mwaka 1981 kikafunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambako ngoma inafundishwa na kutahiniwa.

Kuna watakaosema viuno vile ni aibu, baleti ina heshima. Wasome basi habari za Opera ya Paris karne ya 19, matajiri walipolipia haki ya kuingia nyuma ya jukwaa kuchagua vimada miongoni mwa mabinti maskini wa baleti. Edgar Degas aliwachora wanaume hao, na suti zao nyeusi na kofia zao ndefu. Baleti ilisafishwa jina na watu waliokubali kuitazama kama kazi.

Sisi kazi ya sindimba tunaipa dakika tatu kwenye sherehe. Mgeni wa heshima anachelewa, kikundi kinasimama juani tangu asubuhi, kisha kinaambiwa kifupishe kwa sababu ratiba imebana. Kwenye bajeti ya sherehe, hema lina mstari wake, spika zina mstari wake, msanii wa bongo fleva ana mstari wake na hoteli. Ngoma ya asili iko kwenye mengineyo, pamoja na maji ya kunywa. Mwenye kitu cha bure damuni utamlipa ya nini?

Mtwara imeshaonyesha njia nyingine. Tamasha la MaKuYa, la Wamakonde, Wamakua na Wayao, lililoanza mwaka 2008, liliujaza vikundi uwanja wa Nangwanda Sijaona, ngoma ikawa ndiyo shughuli yenyewe. Nataka zaidi ya hapo: usiku mmoja wa sindimba na mapiko tu, kikundi kimoja, tiketi mlangoni, viti vimeelekezwa kwa wachezaji badala ya meza kuu, na majina ya wapiga vinganga kwenye bango kwa herufi kubwa. Mchezaji wa lipiko asiandikwe, maana siri ni sehemu ya kazi yake. Posho yake apewe kiongozi wa kikundi, usiku uleule, kabla wenye hema hawajalipwa.