Jembe la Jirani Wakati wa Kwaresima

Kuna maneno yanayozunguka katika sharika za Kyela kila Kwaresima, na tumeyasikia mara nyingi mno kuyaacha yapite. Wanaume wa parokia ya jirani wanapopita barabarani Jumamosi asubuhi, majembe begani, wakienda kuzibua mtaro au kukandika nyumba ya mjane, msharika aliyeketi barazani humgeukia mwenzake na kusema: "Hao wanatafuta wokovu kwa matendo. Sisi tumeokolewa kwa neema." Wote wawili hucheka, kisha huendelea kukaa.

Maneno hayo si ya Kilutheri. Yamevaa joho la Luther tu, na sisi tuliokabidhiwa kulifundisha fundisho la neema tuna wajibu wa kuyavua joho hilo mbele ya watu.

Tuanze na wanaosemwa. Umoja wa Wanaume Wakatoliki, ambao wengi tunaufahamu kwa jina la UWAKA, ni chama cha kidugu cha wanaume walioko parokiani, kama WAWATA ilivyo kwa wanawake tangu mwaka 1972. Wanasali pamoja, wanazikana, wanachangiana, na Kwaresima inapofika wanatoka. Kanisa lao linawafundisha kwamba siku 40 zina miguu mitatu, yaani kufunga, kusali na kutoa, na Baraza lao la Maaskofu hutoa ujumbe wa Kwaresima kila mwaka kuwakumbusha hayo. Nasi tunaishika Kwaresima. Tunavika madhabahu zambarau na tunahubiri mateso ya Bwana. Tofauti inaonekana zaidi siku ya Jumamosi.

Na Jumamosi za Kwaresima kwetu huku si siku nyepesi. Ulaya na Marekani, Kwaresima huangukia mwisho wa baridi, majani yanapoanza kuchipua, na vyama vya kidugu vya Kikatoliki vya huko hupanga kazi zao kwa majira hayo. Wapo hata wanaokaanga samaki kila Ijumaa na kuuza ili kuchangia wahitaji, kazi ambayo watu wa usipa na mbasa tungeweza kuwafundisha. Kyela haina majira ya kuchipua. Ina masika. Bonde letu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa hushuka kati ya Machi na Mei, ndiyo kusema Kwaresima na Pasaka zenyewe. Mbaka, Kiwira na Lufilyo hushuka na maji ya milimani, Songwe hujaa mpakani na Malawi, na nchi ni tambarare kiasi kwamba maji yakishafika hayana pa kukimbilia haraka. Mpunga uko shambani bado, ghala la mwaka jana limekwisha. Vyoo vinafurika na kuingia visimani, na kila mama wa Kyela anajua ugonjwa unaofuata baada ya hapo. Ukuta wa udongo ukilowa siku tatu chini, siku ya nne unalala.

Hiyo ndiyo hali ambayo mtu huketi barazani akajadili kuhesabiwa haki.

Basi tujadili. Wanaopenda kunukuu Waefeso 2 huishia mstari wa 9, pale Mtume anapokataa majivuno ya matendo. Mstari wa 10 unafuata bila hata kupumua, ukisema tuliumbwa katika Kristo kwa ajili ya matendo mema ambayo Mungu aliyatayarisha tuyaendee. Anayeishia wa 9 amefanya kama mtu anayesoma barua ya posa akaikunja kabla ya kufika tarehe ya harusi. Mtume huyohuyo, katika Wagalatia 5, anasema imani inayohesabika ni ile inayofanya kazi kwa upendo.

Tuna ushahidi wa karibu zaidi na nyumba yetu. Mwaka 1530 baba zetu wa imani walisimama Augsburg mbele ya Kaisari, na mojawapo ya mashtaka juu yao lilikuwa kwamba wanakataza watu kutenda mema. Walilijibu katika kifungu cha 20 cha Ungamo la Augsburg: tunasingiziwa. Walieleza kwamba hawakukataza matendo mema, bali walionyesha yanakotoka. Ungamo hilo ni letu, ndilo KKKT inalolikiri. Sasa tazameni jinsi mambo yalivyogeuka. Kile ambacho adui alitusingizia mwaka 1530, msharika wa leo anakitamka kwa kujivuna kana kwamba ndicho alichofundishwa kipaimara.

Mji uleule wa Augsburg, tarehe 31 Oktoba 1999, Fungamano la Kilutheri Duniani na Kanisa Katoliki walitia sahihi Tamko la Pamoja juu ya kuhesabiwa haki. Walikiri kwa pamoja kwamba tunapokelewa na Mungu kwa neema peke yake, kwa imani katika kazi ya Kristo, wala si kwa stahili yoyote iliyo ndani yetu, na kwamba Roho tunayepewa ndiye anayetuwezesha na kutuita kwenye matendo mema. KKKT ni mwanachama wa Fungamano hilo. Kwa hiyo anayesema leo kwamba jirani yake Mkatoliki anafundishwa kununua mbingu kwa jembe anamshuhudia uongo jirani, na amri ya nane katika Katekisimo Ndogo bado ipo.

Hatusemi kwamba tofauti zote zimekwisha. Katika Mwaka wa Jubilei wa 2025 Roma iliambatanisha rehema kamili na matendo ya huruma, kama kuwatembelea wagonjwa na wafungwa. Hapo hatukubaliani, na adabu haituruhusu kuficha. Mgonjwa wa wodini hapaswi kuwa ngazi ya mtu mwingine. Akitembelewa, atembelewe kwa sababu anaumwa. Ndugu zetu watatujibu kwamba tumewaelewa vibaya, na mazungumzo hayo yaendelee. Ila haki ya kuyaendesha anayo mtu aliyekwenda wodini. Asiyekwenda kabisa hawezi kumkosoa aliyekwenda kwa nia pungufu.

Luther mwenyewe alikuwa na neno juu ya vyama vya kidugu, na ni la kushangaza kwa wanaodhani alivichukia tu. Mwaka 1519 aliandika hotuba juu ya Sakramenti ya Meza ya Bwana, na sehemu ya mwisho akaigeuzia vyama vya kidugu vya siku zake, vilivyokuwa tele mijini. Aliwachapa bila huruma. Wanakutana, wanasomewa misa, kisha mchana wote na usiku ni kula na kulewa. Alifika mahali akasema hata nguruwe jike angekataa kufanywa msimamizi wa chama cha namna ile. Halafu akawaambia la kufanya. Wanaotaka chama cha kidugu wakusanye fedha ambazo wangezinywa, waandae meza moja au mbili za maskini na kuwahudumia, au waziweke katika sanduku la pamoja ili fundi mwenzao aliyekwama akopeshwe, na vijana wawili wanaooana wasaidiwe kuanza maisha. Mwaka 1523 mji mdogo wa Leisnig ulitunga utaratibu wa sanduku la pamoja kwa ajili ya yatima, wazee na wagonjwa, na Luther akauandikia dibaji. Mlutheri anayecheka koleo la Kwaresima hamjui Luther huyu.

Lakini katika hotuba hiyo kuna shtaka la pili, na hili linawagusa UWAKA, linagusa umoja wetu wa wanaume, na linagusa kila kikundi cha kuzikana kuanzia Ipinda hadi Matema. Luther alisema vyama vile vilifundisha watu kujipenda wenyewe. Mwenye chama alitazama waliomo, asiyekuwamo alikuwa si kitu. Haja ya kulindana inaeleweka. Padre Michael McGivney alipoanzisha chama cha Knights of Columbus mwaka 1882 huko New Haven, Marekani, alitaka mwanamume akifa mjane na yatima wake wasitupwe barabarani, na nani atalaumu hilo? Hata hivyo chama kina mvuto wake wa ndani, kama maji yanavyotafuta shimo. Kinaanza kwa mjane wa mwanachama na kinaweza kuishia hapohapo. Huku bondeni, kijiji kimoja kina Mlutheri, Mmoraviani, Mkatoliki, Mpentekoste na Mwislamu, na nyumba zao ziko kwenye mkondo mmoja. Kikundi kinachozibua mtaro hadi mwisho wa uzio wa mwanachama kimempelekea jirani maji ya watu wawili. Tunalisema hili kwa UWAKA kwa heshima, na kwa watu wetu kwa sauti ya juu zaidi.

Wako wanaosema jambo hili lote la wanaume kuungana na kutoka pamoja ni desturi ya Roma, na kwamba Ukristo wetu wa ziwani haulijui. Hawa wamesahau wazee wao. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyekaa na Wanyakyusa katika miaka ya 1930, alitoa mwaka 1951 kitabu kizima juu ya vijiji vya rika. Vijana wa umri mmoja walitoka kwa baba zao wakajenga kijiji chao, wakalima na kula pamoja, na kilichowaunganisha ni ukwangala, ile raha ya kukaa na wenzako na kushirikiana nao. Babu zetu walikuwa na undugu wa wanaume kabla Wamoraviani na Waberlini hawajafika mwaka 1891, na kabla yeyote hapa hajasikia jina la parokia. Hao wamisionari, kwa njia, walifika mwaka mmoja na wakapatana mpaka ili wasigombanie watu. Mpaka ule uliwafaa wao. Mto ukivunja kingo hauufuati.

Lipo jibu jingine tunalopewa, na ndilo linalotuudhi kuliko yote: "Sisi tuna hospitali ya Matema. Tuna idara ya diakonia dayosisini." Tunamshukuru Mungu kwa Matema na kwa kila muuguzi anayeamka usiku pale. Lakini hospitali haizibui mtaro wa kitongoji chako, na idara haina mikono mingine zaidi ya hii iliyoko barazani. Diakonia ilipokuwa ofisi, tulipata mpangilio, na hilo ni jema. Pamoja nalo likaingia wazo kwamba huruma ni kitu kinachoombewa fedha, kinachoandikiwa taarifa na kinachosubiri mfadhili. Msharika akishatoa sadaka ya diakonia Jumapili, anaona amemaliza. Mjane ambaye ukuta wake umelala Jumatatu anahitaji wanaume wanne, nguzo, kamba na siku moja. Hakuna mfadhili wa Ujerumani anayeweza kumletea hivyo kabla ya Alhamisi.

Tukitoka, tusitoke na bango. Hili nalo tulitaje, kwa sababu siku hizi hakuna koleo linaloingia kwenye tope bila simu ya kulipiga picha. Sare mpya, picha ya pamoja, mama mzee katikati ameshikishwa mfuko wa unga, na saa nne asubuhi wote wamerudi kwenye pilau. Bwana Yesu alilisema hili katika Mathayo 6, na alilisema juu ya watu wa dini. Mwanamke yule ana jina na ana heshima yake kijijini. Kuokolewa na mafuriko kusimgharimu hiyo.

"Tukifanya kazi na Wakatoliki waumini watachanganyikiwa." Watachanganyikiwa na nini? Meza ya Bwana bado hatushiriki pamoja nao, na jambo hilo linatuuma, lakini ni la wanateolojia na maaskofu, na litachukua muda wake. Kuchimba mtaro hakuhitaji makubaliano juu ya ukuhani. Mtoto wa kipaimara anayemwona baba yake akichanganya udongo pamoja na katekista wa kigango hatapotea imani. Anayemwona baba yake akimcheka katekista huyo kila Jumamosi, huyo ndiye anayetutia wasiwasi.

Kwa hiyo tunawaomba wazee wa kanisa mambo machache kabla ya Jumatano ya Majivu. Kila mtaa uandike nyumba za wajane, wazee wasio na watoto karibu, na walemavu, bila kuuliza wanasali wapi. Uandike mitaro iliyoziba na visima vilivyo chini ya vyoo. Wenye mitumbwi wajulikane mapema, maana maji yakishaingia Katumba-Songwe au kando ya Mbaka, mtumbwi mmoja una thamani kuliko hotuba zetu zote za Kwaresima. Halafu mzee mmoja aende kwa mwenyekiti wa UWAKA wa kigango cha jirani, amuulize Jumamosi wanaanza saa ngapi na wanapungukiwa makoleo mangapi.

Kwa desturi huanza saa moja asubuhi, kabla jua halijawa kali.