TUITUNZE GARI: Nyuzi za Tundu la Plagi



Silinda hedi za gari nyingi huundwa kwa aluminiamu, ambayo ni laini kuliko chuma cha plagi. Plagi ikiingizwa upande, au ikifunguliwa injini ingali moto, nyuzi za tundu hulika. Mgandamizo huvuja, injini hukosa nguvu, na plagi huweza kuchomoka kwa kishindo.

Tunawausia msikubali haraka kwamba dawa ni hedi mpya tu, wala msikubali plagi ibandikwe kwa gundi. Fundi hodari hupanua tundu, hukata nyuzi mpya kwa tapu, kisha hutia bushi ya chuma ambayo nyuzi zake za ndani zalingana na plagi. Nyingi ni za milimita 14. Tapu hupakwa grisi inase chembe zinazokatwa, na silinda husafishwa kabla ya kufunga, kwani chembe zikibaki hukwaruza kuta zake. Ikiwa hedi imepasuka, bushi haitoshi.

Kinga ni nyepesi: ngojeni injini ipoe, anzeni kufunga plagi kwa vidole, kisha ikazeni kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari.

Na siku mtakapoiuza gari hiyo, mwelezeni mnunuzi habari ya bushi, hata kama kazi ilikuwa safi. Kuificha kasoro ya bidhaa ni ghushi, na chumo la ghushi halina baraka.

Wabillahi tawfiq.