Mikoko na Mchezo wa Watoto

Mwaka jana niliandamana na watoto wa mtaani petu kwenda kupanda mikoko. Kabla ya kushika mche, tulisimamishwa juani tukahutubiwa karibu saa nzima: hewa chafu, tabianchi, vizazi vijavyo. Watoto wakapiga miayo. Kisha wakachomeka miche mchangani kama mishale, picha zikapigwa, tukarudi makwetu. Nilipokwenda kutazama baada ya miezi mitatu, haukusalia hata mmoja.

Watoto siwalaumu. Nani aliwaambia kwamba kila mti una kikao chake? Mlilana ndio unaotangulia baharini. Nyuma yake husimama mkoko wenye mizizi kama miguu ya kaa, halafu mkandaa, na mchu huonekana hata huku juu yanakofika maji ya bamvua tu. Wakata boriti wa Lamu waliyajua haya tangu zamani, kabla serikali haijapiga marufuku kupeleka boriti ng'ambo mwaka 1982. Nao hawakuhutubiwa na mtu, wallahi. Walikulia humo humo mikokoni, wakicheza.

Basi juzi, watoto walipotoka chuoni, niliwachorea mistari mchangani. Huyu mlilana, yule mkoko, wale mkandaa. Mmoja akawa bamvua, anakuja mbio kutoka baharini. Akimkuta aliyesimama mstari usio wake, huyo kafa, atoke nje. Lo! Walicheza mpaka jua likataka kuzama. Mdogo wao, hajatimiza hata miaka saba, nikamsikia akimkaripia kakake: "Wewe mkandaa, umefuata nini huko mbele?"

Tukamalizia kwa vitendawili. Nikatega: mbegu yake huota angali begani kwa mama. Wakakwama, wakataka kunipa Mombasa. Nikakataa, nikataka Gazi, na ikanibidi niwaeleze kwa nini: wanakijiji wa huko walianza kulipwa kwa kuitunza mikoko yao, wakapata fedha za maji na za shule. Ndipo nikawafumbulia kwamba mti wenyewe ni mkoko.

Enyi mnaopanga siku za kupanda miti, hotuba zifupisheni. Tuachieni watoto jioni moja kabla, na mchanga mtupu.

Pale ilipokufa miche yetu pangali peupe. Masika yakianza tutarudi, na safari hii yule mdogo ndiye atakayesema mti gani usimame wapi.