Paka wa Nyumbani na Ua la Dirishani

Katika makao ya askari paka si pambo. Magunia ya posho na maharagwe yawekwapo ndani, hapana mlinzi wa usiku anayemshinda kwa panya. Vilevile nyumba nyingi za kambini zina ua koponi penye dirisha, kwa kuwa familia ihamishwayo mara kwa mara haipati nafasi ya kungojea mti ukue, bali kopo la ua hupakiwa garini pamoja na masufuria. Basi yafaa kuuliza kama wawili hao waweza kukaa pamoja, maana paka hupenda kutafuna majani mabichi.

Tuanze na ua lililo jema, nalo asili yake ni Afrika Mashariki. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa serikali ya Kijerumani katika nchi ya Usambara, aliona mmea mdogo wa maua ya zambarau, akampelekea baba yake huko Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland aliuandika kwa jina la Saintpaulia. Sasa unapambwa madirishani Ulaya na Marekani, na Wajerumani wangali wakiuita kwa jina la Usambara, ilhali katika misitu yake yenyewe aina kadhaa zimekuwa adimu kwa sababu ya kukatwa miti. Majani yake ni manene na laini kama mahameli. Hayana sumu kwa paka, wala kwa mbwa, wala kwa mtoto atambaaye. Paka akiyala kwa wingi huenda akatapika, kama afanyavyo akila nyasi.

Lakini lile ua jeupe lenye umbo la tarumbeta, liitwalo lili, ambalo huuzwa mijini kwa ajili ya arusi na mazishi, lisiingie kabisa katika nyumba yenye paka. Jani, petali, hata maji ya chombo lilimokaa, vyote humdhuru. Chavua yake ikimwangukia manyoyani, naye akajilamba kama ilivyo desturi yake, yatosha kumwua. Mwanzoni hutapika na kukataa chakula. Baadaye huonekana kana kwamba amepata nafuu, na hapo ndipo wengi hudanganyika, kwani figo zake zinakufa, na kwa muda wa siku moja hadi tatu hukoma kufanya kazi. Akifikishwa kwa daktari wa mifugo kabla ya saa 18 kupita, akatiwa maji mishipani, aweza kupona. Usimnyweshe maziwa wala mafuta, na usimtapishe kwa chumvi, maana chumvi nyingi nayo ni sumu. Chukua kipande cha mmea ukamwonyeshe daktari.

Kalankoe, lenye majani mazito ya maji na vishada vya maua mekundu au ya manjano, hudhuru moyo. Na lile ua la vichakani ambalo petali zake nyekundu na manjano husimama kama ndimi za moto, mizizi yake yaweza kumwua hata mtu mzima; watoto wasilichimbe kulileta nyumbani.

Jambo jingine husahauliwa. Ua laweza kuwa salama, na dawa iliyonyunyiziwa juu yake isiwe salama. Pamethrini, dawa ya wadudu inayotumiwa pia katika sare za askari dhidi ya mbu, humletea paka mitetemeko na kifo iwapo ingali mbichi au ni kali mno. Sare iliyotiwa dawa hiyo ianikwe mbali naye hadi ikauke kabisa. Dawa za kupe wa ng'ombe na mbwa asipakwe kamwe.

Atakaye ua la Usambara na asinunue. Amwombe jirani jani moja lenye kikonyo chake, akichomeke katika udongo mwepesi wenye unyevu, penye mwanga lakini pasipo jua kali. Baada ya wiki kadhaa vijimea vidogo vitachipua pale chini. Maji yatiwe katika sahani iliyo chini ya kopo lililotobolewa, wala yasimwagwe juu ya majani, kwani maji baridi huyatia madoa. Kopo na liwe dogo; katika kopo kubwa udongo hukaa na maji mno, mizizi ikaoza.