Uwanja Mmeuziba, Chura Aishi Wapi?

Mkalishe mtoto wa darasa la nne wa Sinza, Tabata au Kijitonyama, umpe karatasi, umwambie akuchoree wanyama anaowajua. Atakuchorea simba. Atakuchorea tembo, twiga na pundamilia aliyemwona kwenye katuni. Sasa mwambie amchore kimulimuli, au kinyonga, au chura aliyemkamata juzi nyuma ya nyumba. Atakukodolea macho. Hana kosa huyo mtoto. Wenye kosa ni sisi tuliomjengea nyumba, tukauziba uwanja wote kwa pevingi kuanzia kizingiti cha mlango hadi getini, kisha tukapiga picha na kujipongeza kwamba sasa tumeendelea.

Naandika nikiwa na hasira na sina mpango wa kuipooza.

Dar es Salaam tuliyokulia haikuwa pori. Ilikuwa mji, wenye daladala, foleni za maji na kelele za kila namna. Lakini mvua za masika zikianza, usiku mzima vyura walikuwa wakipokezana mtaa kwa mtaa mpaka mgeni kutoka bara akashindwa kulala. Kumbikumbi walitoka ardhini, tukawakimbilia na mabeseni. Kinyonga alikuwa kwenye ua wa michongoma, kereng'ende juu ya mfereji, na komba walilia usiku kwenye miembe hadi mtu akadhani kuna mtoto ametupwa. Na chini ya upenu, pale ambapo mvua haifiki na mchanga unabaki mkavu, alikaa yule mdudu anayechimba kishimo chenye umbo la faneli. Ulilala kifudifudi, ukachukua kijiti chembamba, ukadondosha punje mbili za mchanga pembeni mwa kishimo. Kule chini kitu kilitikisika. Mchanga ukarushwa juu. Kama sisimizi amepita, aliteleza, akajaribu kupanda, akarushiwa mchanga tena, akaporomoka moja kwa moja kwenye taya zilizokuwa zikimsubiri. Hakuna mwalimu aliyetufundisha somo hilo, wala ada hatukulipa. Ilitakiwa tu pawe na mchanga chini ya upenu. Leo chini ya upenu pana vigae.

Ukiuliza wamekwenda wapi, jibu liko tayari mdomoni: mabadiliko ya tabianchi. Jamani! Tabianchi ina mengi ya kujibu duniani, lakini si tabianchi iliyoagiza lori la kifusi ikafukia dimbwi la nyuma ya nyumba yako. Si tabianchi iliyong'oa minyaa na michongoma ikapandisha ukuta wa tofali usio na upenyo hata wa panya. Chura hahitaji makubwa. Anahitaji dimbwi litakalodumu wiki kadhaa ili mayai yaanguliwe na viluwiluwi viote miguu, kisha udongo laini wa kujificha jua likiwaka, na njia ya kutoka hapa kwenda pale. Vitu vitatu, na vyote tumemnyima kwa mpigo mmoja wa saruji. Kimulimuli naye buu lake huishi kwenye udongo wenye unyevu likila konokono, na akishakomaa humtafuta mwenzake gizani kwa kuwaka na kuzima. Wewe umeondoa unyevu, umemwaga chumvi kwa konokono, na ukutani umefunga taa nne zinazowaka mpaka alfajiri. Wataonana vipi?

Tazama basi waliobaki. Panya wapo, mende wapo, mbu wapo, na juu ya kila jalala yupo kunguru. Waliobaki ni wale wanaoneemeka kwa taka zetu. Huyo kunguru mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji hata kidogo. Aliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890 ili asaidie kula uchafu wa mji, akavuka bahari, akajimilikisha pwani nzima. Kazi yake nyingine ni kupekua viota: anakula mayai na makinda ya chozi, tetere na mnana bila haraka, mchana kweupe. Kenya imemchoka kiasi kwamba mwaka 2024 ilitangaza mpango wa kuwaua kunguru milioni moja kwa sumu. Sumu itapunguza idadi, sawa. Lakini anayemlisha kila asubuhi ni mimi na wewe, tunapofunga mabaki ya ubwabwa kwenye mfuko na kuutupa nje ya geti.

Kuna wazee watakaosema sisi wenyewe tulipokuwa watoto tuliua ndege kwa manati na kuwanasa kwa ulimbo. Kweli tuliua. Lakini vizazi na vizazi vya watoto wenye manati havikumaliza ndege wa mtaa hata mmoja, kwa sababu mti ulibaki pale pale na mwakani kiota kilijengwa tena. Mtu mzima mwenye kibali cha ujenzi akiukata mwembe, hakuna cha mwakani.

Kinachonichoma zaidi ni unafiki wetu kama taifa. Serengeti tunaijua, mabango ya tembo yako uwanja wa ndege. Mkumbuke chura wa Kihansi: aligunduliwa mwaka 1996 kwenye maporomoko ya mto, bwawa la umeme likaanza kazi mwaka 2000, maji yakapungua, na kufikia 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Aliyesalia alikuwa Marekani, kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo, na mwaka 2010 wakarudishwa mia moja kwa ndege hadi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nilifurahi, na ilistahili. Ila wiki ileile chura wa kawaida aliyethubutu kuingia barazani Manzese alimwagiwa mafuta ya taa.

Sheria tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Kila mtu mjini anaijua hiyo "mita 60". Sasa shuka bonde la Msimbazi uhesabu kuta. Mikondo midogo inayoumwagia mto huo imegeuzwa mitaro ya zege, na viwanja vilivyokuwa na matete vina maghala. Masika ikija maji yanakosa pa kuzama, yanaingia sebuleni kwa watu wa bondeni, nasi tunakaa mbele ya televisheni tukisikitika.

"Lakini nyoka," wataniambia. "Lakini malaria." Nyoka anafuata panya, na panya anafuata hilo jalala lako. Kuhusu mbu, kumbukeni Dar es Salaam ilivyopigwa na homa ya dengue mwaka 2014 na tena 2019. Mbu anayeieneza hana haja ya matete wala tope. Anazaliana kwenye tairi bovu, kopo, kifuu cha nazi na sahani ya chini ya chungu cha maua, palepale kwenye uwanja uliosafishwa. Sisemi chura angetuponya dengue. Nasema usafi huu mnaoujengea hoja haukutuponya pia.

Kwa hiyo, enyi wenye viwanja: ng'oeni safu tatu za pevingi kando ya ukuta, muache udongo. Toboeni ukuta tundu la chini, hata la upana wa kiganja. Zimeni taa saa nne. Walimu wakuu, mlioimwagia zege shule nzima ili wazazi waone thamani ya ada, achieni watoto kipande chenye majani yasiyofyekwa. Wenyeviti wa mitaa, msigonge mhuri kwa anayefukia dimbwi, hata akija na soda. Na yule anayeona haya kuwa na mchanga mbele ya nyumba kwa kuogopa wageni watamwita mshamba, awaambie wageni wake wavue viatu mlangoni.