Gitaa Lililotundikwa Ukutani

Yuko kijana mmoja katika milima ya Masisi ambaye kwa miaka mingi alikuwa nguzo ya kwaya yake. Jumapili alipiga gitaa katika misa mbili. Katikati ya juma aliwafundisha waimbaji. Jumamosi aliitwa arusini, na siku yoyote aliweza kuitwa matangani. Siku moja alilitundika gitaa ukutani, wala hakuligusa tena. Wenzake walipomwuliza sababu, alijibu kwa maneno mawili tu: "Nimechoka nalo."

Watu wakasema ni mvivu. Nasi, tuungame kosa letu, tulisema hivyo hivyo, tukamkumbusha kwa ukali habari ya mtumishi aliyeizika talanta yake. Hakubisha. Alituonyesha ncha za vidole vyake, zenye sugu ngumu kama ngozi ya kisigino. Tulirudi nyumbani tumeona haya, maana vidole vya mvivu havina sugu.

Basi, wasomaji wapenzi, tuutazame leo uchovu huu, kwa kuwa huwapata wengi: wapiga gitaa, waalimu, hata akina mama nyumbani. Uko uchovu wa mwili, ambao huondoka kwa usingizi wa usiku mmoja. Uko na uchovu wa moyo, umpatao mtu aliyefanya kazi ile ile muda mrefu bila furaha, bila msaidizi, na bila neno la shukrani. Tena katika nchi za Masisi na Walikale uko uchovu wa tatu. Tangu ghasia zilizoanza katika soko la Ntoto mwezi wa Machi 1993, watu wamekimbia, wamerudi, wamekimbia tena. Na mwaka 2025 vita viliifikia miji yenyewe ya Masisi na Walikale. Aliyepiga gitaa katika mazishi mengi, je, ni ajabu mkono wake ukiwa mzito? Huo si uvivu, ni huzuni.

Dawa yake ni nini? Mwaka 1956 Candi Rureke, msimulizi wa kabila la Wanyanga wa Walikale, alisimulia habari za shujaa Mwindo ili ziandikwe. Aliimba, alisimulia, alicheza na kuigiza kwa muda wa siku 12, hata mwisho alikuwa hoi. Simulizi hiyo ilitolewa kuwa kitabu mwaka 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene. Lakini Rureke angewezaje kuimaliza kazi hiyo peke yake? Walikuwako vijana waliompigia mdundo kwa vijiti na kumwitikia nyimbo, na watu wengi waliokuja kusikiliza walimtia nguvu. Kijana wetu alikosa mwitikio huo. Waliomwita walikuwa wengi, waliomwitikia walikuwa wachache.

Tumtazame na Jean-Bosco Mwenda, aliyezaliwa Bunkeya katika Katanga mwaka 1930. Kwa kidole gumba na kidole cha shahada aliliwezesha gitaa moja kusema kama magitaa mawili. Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, na wimbo wake "Masanga" ukajulikana hata Afrika Mashariki. Mwenda hakuupiga wimbo kama kasuku akariripo maneno. Aliugeuza, akauongeza, akauzungusha. Ndiyo maana mtaalamu David Rycroft aliandika juu ya ubunifu wake katika miaka ya 1961 na 1962. Naye Mwenda alikuwa bado akirekodi katika miaka ya 1980, kabla ya kufa kwake mwaka 1990. Anayerudia jambo lile lile bila kulitia kitu kipya huchoka upesi.

Kwa hiyo, enyi vijana, mkichoka, pumzikeni bila kuona haya. Gitaa lenyewe likiwekwa muda mrefu hulegezwa nyuzi kidogo, ubao wake usije ukapinda. Kisha rudini polepole: robo saa kila siku yafaa kuliko saa tatu mara moja kwa juma. Pigeni wimbo mmoja ambao hakuna aliyewaagiza, kwa furaha yenu tu. Tena mfundisheni mwingine, ili mzigo upate mabega mawili.

Nanyi wazazi na viongozi wa kwaya, kumbukeni chukudu iliyojaa viazi: mlimani haisukumwi na mtu mmoja. Gaweni zamu. Changeni fedha za nyuzi, zisitoke daima mfukoni mwa mpigaji. Wala msimwite mvivu mtu ambaye hamjauliza mzigo wake.

Kijana yule aliliteremsha gitaa jioni moja, si kwa ajili ya misa, bali kwa sababu mtoto wa dada yake aliomba kusikia linavyolia. Leo hupiga Jumapili moja, na msichana mmoja mwanafunzi aliyemfundisha hupiga Jumapili ifuatayo. Siku tulipomsikia tena alikosea mara mbili. Tulimngojea mlangoni baada ya misa, tukamwambia neno lililotupasa kumwambia tangu zamani: asante.